Usiyape Majani Yuria kwa Kukisia: Soma Kwanza Ukijani wa Jani



Leo nazungumza na nyinyi mnaolima majani ya ng'ombe kwa biashara. Wapo mnaokata na kuwauzia kwa mzigo wafugaji wa mjini, na wapo mnaofuga wenyewe ng'ombe wa maziwa bandani. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Bwana shamba, nitie yuria kiasi gani?"

Jawabu ya haraka ni mfuko mmoja kwa eka kila baada ya kukata. Wengi ndivyo wanavyofanya. Lakini shamba la Kizimbani si shamba la Makunduchi, na mkato wa masika si mkato wa kiangazi. Ukitia kiasi kile kile kila mara, mara nyengine unatupa pesa, mara nyengine unawanyima ng'ombe chakula. Na mbolea iliyozidi haipotei hivi hivi. Inateremka kwenye maji tunayokunywa.

Ipo njia ya kuliuliza jani lenyewe. Si uganga wala si mambo ya maabara. Ni kupima ukijani wa jani, kulinganisha, halafu ndiyo uamue. Hebu tuipitie hatua kwa hatua.

Kwanini ukijani?

Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, na klorofili haitengenezeki bila nitrojeni. Sehemu kubwa ya nitrojeni ya jani imo ndani ya ile mitambo midogo inayotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea. Kwa hivyo nitrojeni ikipungua, rangi inapungua. Ikitosha, rangi inakoza.

Sasa tazama kinachotokea unapokata. Tuseme eka moja ya majani ya tembo, yale ambayo bara wanayaita mabingobingo, imekupa tani 8 za majani mabichi. Ukiyakausha kabisa, chukulia yanabaki kilo 1,600. Kama nitrojeni ndani yake ni asilimia 1.6, basi umeondoa shambani kilo 25 na ushei za nitrojeni. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una kilo 23 tu, maana yuria ni asilimia 46. Yaani mkato mmoja mzuri unabeba nitrojeni ya mfuko mzima.

Ile asilimia 1.6 ukiizidisha kwa 6.25 unapata protini ya asilimia 10. Protini ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinavyosaga majani vinakosa nguvu, ng'ombe anakula kidogo na maziwa yanapungua. Mnunuzi wako wa mjini hajui hesabu hii, lakini ndoo ya maziwa inamwambia. Wiki ya pili ataulizia majani ya mtu mwengine.

Lakini si lazima kila kilo iliyoondoka irudi kwa mfuko. Udongo wenyewe unatoa kiasi, samadi inatoa, na mikunde kama lukina na glirisidia inachangia. Kiasi gani? Hapo ndipo jani linapotoa jibu.

Vifaa: cha ghali, cha rahisi na cha bure

*Mita ya klorofili.* Inayojulikana zaidi ni SPAD-502 ya kampuni ya Minolta ya Japani. Unaibana kwenye jani kama kibanio cha nguo. Inapitisha miale miwili, mwekundu na mwengine usioonekana kwa macho. Klorofili inameza ule mwekundu na kuuachia ule mwengine, na kutokana na tofauti hiyo mita inakupa namba. Jani halichanwi wala haliharibiki. Tatizo ni bei, inafika mamilioni ya shilingi. Hii si ya mtu mmoja mwenye eka mbili, ni ya kikundi au ushirika. Zipo za bei nafuu zaidi, na kwa njia nitakayoieleza zinatosha, mradi utumie mita ile ile mwanzo hadi mwisho.

*Kadi ya rangi ya majani.* Ni kipande cha plastiki chenye vipande vya kijani, kutoka kijani cha manjano hadi kijani kiwivu. Wazo lilianza Japani, na taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI iliyoko Ufilipino ikaieneza kwa wakulima wa mpunga wa Asia. Wenzetu wanaolima mpunga Cheju au Bumbwisudi ndio iliyowalenga. Usichukue namba zake za mpunga ukazitumia kwa majani ya ng'ombe. Itumie kama rula ya kulinganisha tu.

*Karatasi nyeupe na macho yako.* Hii ni ya bure. Chuma majani 10 kutoka sehemu moja na 10 kutoka sehemu nyengine, uyalaze ubavu kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe kivulini. Ukitaka kupiga picha kwa simu, weka mafungu yote mawili ndani ya picha moja. Simu hujirekebishia rangi yenyewe, kwa hivyo picha mbili tofauti haziwezi kulinganishwa.

Namba peke yake haina maana

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kijana ananunua mita, inamwambia 38, halafu ananipigia simu: "38 ni nzuri au mbaya?" Sijui. Hakuna anayejua mpaka alinganishe.

Kila aina ya majani ina ukijani wake. Namba 40 kwenye majani ya tembo si sawa na 40 kwenye majani ya gini. Wabrazil wanalijua hili vizuri. Wao wana aina za majani ya gini zinazoitwa Tanzania-1 na Mombaça, zilizotolewa na taasisi yao ya Embrapa mwaka 1990 na 1993, na asili ya mbegu zake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Wamepima sana ukijani wa manyasi ya jamii hiyo, na kila aina wanaitafutia namba yake. Tusinakili namba za watu wa mbali wenye udongo mwengine na jua jengine.

Njia inayotufaa ni ile iliyotumika sana kwenye mahindi huko Nebraska, Marekani. Unatenga kipande kidogo ndani ya shamba lako, unakishibisha nitrojeni, halafu shamba zima unalipima kwa kulilinganisha nacho. Mimi nakiita kipande shahidi. Aina ni ile ile, mvua ile ile, umri ule ule. Tofauti ni nitrojeni tu.

Jinsi ya kuweka kipande shahidi

1. Chagua sehemu inayofanana na shamba kwa jumla. Si karibu na banda ambako samadi inamwagika, wala si chini ya mwembe.
2. Pima mita 3 kwa mita 5, yaani mita za mraba 15. Weka vijiti vinne.
3. Siku chache baada ya kukata, machipukizi yakianza kuonekana, tia gramu 165 za yuria. Pimisha kwenye mizani ya dukani, usikisie kwa mkono.
4. Baada ya siku 7 hadi 10 tia gramu 165 nyengine. Jumla ni gramu 330, sawa na kama mfuko mmoja na robo tatu kwa eka. Hapo hakina njaa tena.
5. Shamba lililobaki litie nusu mfuko kwa eka, mara moja, wakati wa machipukizi. Nusu ya pili iweke stoo. Hiyo ndiyo tutakayoiamulia.

Kila baada ya mikato miwili au mitatu hamisha kipande shahidi upande mwengine, maana mbolea hujilimbikiza. Na majani yake usimpe ng'ombe mmoja peke yake. Sababu nitaieleza chini.

Siku ya kupima

Pima wiki ya tatu baada ya kukata. Kabla ya hapo majani bado machanga. Ukichelewa sana, nusu ya pili haitapata muda wa kufanya kazi.

- Nenda asubuhi, kati ya saa 2 na saa 4, umande ukishakauka.
- Chukua jani changa kuliko yote ambalo limeshafunguka kikamilifu. Utalijua kwa shingo yake, pale linapoachana na bua, ikionekana wazi. Lile la juu lililojikunja bado, liache.
- Pima katikati ya urefu wa jani, pembeni ya mshipa mkuu mweupe. Ukiubana mshipa, namba inadanganya.
- Jani lenye madoa, lililoliwa na wadudu au lenye vumbi la barabarani, ruka.
- Pita shambani kwa mwendo wa nyoka, pima mashina 20 hadi 30, uchukue wastani. Fanya hivyo hivyo kwenye kipande shahidi, ukiacha mashina ya pembeni.
- Ukitumia kadi ya rangi, lipe jua mgongo, kivuli cha mwili wako kifunike jani na kadi. Na asome mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, maana macho hayafanani.

Hesabu

Gawa wastani wa shamba kwa wastani wa kipande shahidi, zidisha kwa 100.

Mfano: shamba 38, kipande shahidi 42. 38 ÷ 42 × 100 = 90.5.

Mimi nawaelekeza vijana hivi:

- 95 na kuendelea: usitie. Nusu iliyoko stoo ibakie stoo.
- 90 hadi 95: tia robo mfuko kwa eka.
- Chini ya 90: tia nusu mfuko wote.

Mpaka wa 95 ndio unaotumika sana kwenye njia hii, kwa sababu tofauti ndogo ya hapo inaweza kuwa ni jani tu na jani mwenzake. Viwango vya robo na nusu ni vya kuanzia. Baada ya mwaka mmoja wa kuandika kwenye daftari utakuwa na vyako.

Kwa wanaotumia mbolea nyengine: nusu mfuko wa yuria una kilo 11.5 za nitrojeni. Kwa CAN ya asilimia 26 hiyo ni kama kilo 44. Kwa SA ya asilimia 21 ni kama kilo 55, mfuko mmoja na kidogo juu yake. Usibadilishe mfuko kwa mfuko.

Na kama huna mita wala kadi? Laza majani kwenye karatasi. Ukimwita mtu asiyejua fungu lipi ni lipi, akashindwa kuyatofautisha, usitie. Akiyatofautisha mara moja, tia.

Njano isiyotaka yuria

Hapa nawaomba msome polepole, maana pesa nyingi zinapotelea hapa. Si kila njano ni njaa ya nitrojeni.

*Njaa ya nitrojeni* huanza majani ya chini, ya kizee. Mmea unanyang'anya wazee kuwapa watoto. Njano inaanzia ncha ya jani na kuingia ndani kwa kufuata mshipa mkuu, mfano wa herufi V.

*Njaa ya chuma* huanza majani machanga ya juu. Mishipa inabaki kijani, katikati ya mishipa panakuwa njano au peupe, jani linaonekana lina mistari. Hii itafuteni kwenye ardhi ya uwanda na maweni: Jambiani, Paje, Makunduchi, Kizimkazi na kwengineko ambako jiwe la matumbawe liko juu. Udongo wenye chokaa nyingi unakifunga chuma, mizizi haikipati. Ukitia yuria hapo unaongeza njaa juu ya njaa. Kinachosaidia ni samadi iliyooza vizuri na kunyunyizia majani dawa ya chuma. Jambo la kuangalia: mahali kama hapa kipande shahidi nacho kitakuwa cha njano. Ukiona shahidi mwenyewe ni mgonjwa, kipimo hakifai, tafuta sababu nyengine kwanza.

*Njaa ya salfa* pia huanza juu, lakini jani zima linafifia sawasawa bila mistari. SA ina salfa ndani yake, yuria haina.

*Maji yaliyotuama.* Kwenye mabonde ya kinamo, wakati wa masika mizizi inakosa pumzi na majani yanakuwa ya njano. Chimba mfereji. Mbolea itasubiri.

*Ukame.* Kiangazi jani linaweza kujikunja likawa la kijani kilichokoza na mita ikakupa namba nzuri, kumbe mmea umekwama. Usipime majani yaliyonyauka. Subiri mvua au umwagilie, upime baada ya siku kadhaa.

*Ugonjwa wa kudumaa.* Umewasumbua sana wakulima wa majani ya tembo wa Kenya na Uganda. Shina linachipua vijani vidogo vya njano, vingi, vifupi, na kila ukikata linazidi kudhoofika. Hakuna mbolea inayoutibu. Ng'oa shina na mizizi yake, choma, na usichukue vipando kutoka shamba hilo.

Mita haioni kilichozidi

Ukijani una kikomo. Jani likishashiba klorofili, namba haipandi tena hata ukimwaga mifuko mitatu. Lakini mmea unaendelea kunyonya nitrojeni na kuiweka kama nitrati, hasa sehemu ya chini ya bua. Kwa hivyo kipimo hiki kinakwambia "nina njaa" au "nimeshiba". Hakikwambii "nimevimbiwa".

Kuvimbiwa huko ni hatari. Tumboni mwa ng'ombe nitrati inageuka nitriti, inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe hewa. Ng'ombe anapumua mbio, anatetemeka, ufizi na ndani ya kope vinageuka rangi ya udongo, damu inakuwa ya kahawia kama chokoleti. Anaweza kufa ndani ya saa chache. Ukiona hivyo, ondoa majani yale na umwite daktari wa mifugo papo hapo.

Kujikinga ni rahisi:

- Usikate kabla ya wiki tatu kupita tangu ulipotia mbolea ya mwisho.
- Jihadhari na majani yanayochipua haraka mvua ya kwanza inaponyesha baada ya ukame mrefu. Wape siku kadhaa.
- Usikate chini kabisa. Acha bua la shibri moja, na shina litachipua vizuri zaidi.
- Majani ya kipande shahidi changanya na mengine mengi.

Wewe unayeuza, kumbuka mnunuzi hajui ulitia nini na lini. Hiyo ni amana.

Maji ni yetu sote

Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la chokaa lenye matundu. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu, yanazama. Hayo ndiyo maji ya visima, mapango na chemchemi zetu. Hata Mji Mkongwe, tangu zama za Sultani Barghash aliyefariki 1888, ulivutiwa maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mtu wa Shangani au Malindi anayefungua bomba anakunywa mvua iliyopita kwanza kwenye mashamba.

Nitrati ambayo mizizi haikuichukua inateremka na mvua hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, na wanaodhurika kwanza ni watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Ardhi ya kichanga na ya uwanda ndiyo inayopitisha haraka zaidi. Kwa hivyo ile nusu iliyobaki stoo inalinda mfuko wako na inalinda kisima cha jirani.

Kutia kwa adabu

Ukishaamua kutia, tia vizuri. Yuria iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu na jua kali inageuka hewa, ile harufu inayokata pua, na kwenye udongo wa chokaa hasara inazidi. Chimba kijifereji cha vidole vitatu pembeni ya mstari wa mashina, tia, fukia. Kama huwezi kufukia, tia jioni kabla ya mvua ndogo. Ukiona wingu la masika lile la kuezua mapaa, acha. Itakwenda na maji.

Inalipa?

Hesabu hii hapa. Una eka 2, unakata mara 6 kwa mwaka, kila mkato mfuko mmoja kwa eka: mifuko 12. Kipimo kikikwambia kwamba mikato miwili tu haikuhitaji nusu ya pili, umeokoa mifuko 2. Zidisha kwa bei ya dukani ya wiki hii. Na upande wa pili, mkato mmoja ambao ungekuwa wa njano na hafifu ukiuokoa kwa robo mfuko, mnunuzi wako harudi mtaani kutafuta muuzaji mwengine.

Anza na mkato unaokuja. Vijiti vinne, mizani ya duka, karatasi nyeupe na daftari. Andika tarehe ya kukata, tarehe ya kutia, wastani mbili, ulichoamua, na mizigo mingapi ilitoka. Mita mtanunua kikundi kikishakuwa na uwezo. Mkiwa na jambo halieleweki, muoneni afisa ugani wa eneo lenu, na mwende na majani mkononi, moja la chini na moja la juu ya shina lile lile. Tutayasoma pamoja.